Baiskeli ya Mtu Asiyelipwa Kuiendesha

Hotuba kwa wanachama wapya wa klabu ya waendesha baiskeli, Dar es Salaam, baada ya safari ya Jumamosi asubuhi

Mwenyekiti, katibu, mhazini wetu, wazee wa klabu, na ninyi dada na kaka mliojiunga nasi msimu huu: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu kwa upendo. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Najua miguu inauma na chai inapoa, kwa hiyo kunyweni huku mkisikiliza, sitaona vibaya.

Nimeombwa nizungumzie fedha kwa sababu kazi yangu ni uhasibu, na kwa sababu katibu amechoka kusikia swali moja kila tunaposimama kunywa maji: "Ninunue baiskeli gani?" Leo nitalijibu mbele ya wote. Ila nitaanza na swali ambalo hakuna anayeniuliza: hiyo baiskeli ikishanunuliwa, itatunzwa na nani, kwa spea za kutoka wapi, na kwa pesa ya mwezi gani?

Septemba 2025 wengi wetu tuliganda mbele ya televisheni kutazama mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kule Kigali, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Tadej Pogačar akashinda, na kesho yake simu yangu ikajaa picha za baiskeli, kila mmoja anauliza kama ile ya bwana yule inapatikana hapa. Nawaelewa. Lakini yule bwana hanunui ile baiskeli. Cheni anabadilishiwa na fundi anayelipwa na timu, na fremu ikipasuka kuna gari nyuma lenye baiskeli nyingine juu ya paa. Sisi nyuma yetu kuna daladala. Kwetu kila kitu kinachokatika, kinacholika au kinachopasuka kinatoka kwenye mshahara uleule unaolipa ada ya shule na Luku.

Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kihasibu na haina utamu. Ukiwa umetenga milioni moja na nusu kwa ajili ya baiskeli, hesabu kwamba una milioni moja. Ile laki tano haimhusu muuzaji. Hiyo ni ya kofia ngumu, taa ya mbele na ya nyuma, pampu, tyubu za akiba, funguo, kaptula yenye sponji, na akiba ya mambo yatakayojitokeza miezi sita ya mwanzo, maana yatajitokeza. Mtu aliyemaliza fedha zote dukani ndiye mnayemkuta amekaa chini ya mwembe pale Bunju, tairi limelala, anampigia bodaboda simu.

Sasa, baiskeli gani? Kabla ya kwenda dukani, nenda kwa fundi. Namaanisha yule wa mtaani kwako, mwenye beseni la maji, pampu ya mguu na kopo la gololi. Muulize gia za namna gani ameshazishika, spea anazifuata wapi na huchukua siku ngapi kuzipata. Mafundi wetu wengi wamejifunzia kwenye Phoenix ya Kichina, na Avon na Hero za Kihindi, baiskeli zilizobeba mkaa na magunia ya mpunga nchi nzima. Mkono wa fundi wa namna hiyo unanyoosha rimu kwa kukaza spoki mojamoja hadi unashangaa. Usimdharau. Lakini usimpelekee pia kitu ambacho hana kifaa cha kukifungua, halafu umlaumu akikifungua kwa nyundo.

Gia nane au tisa nyuma, cheni na meno yake utayapata Kariakoo kwa bei ya kujadiliana. Ukienda kwenye gia kumi na mbili, na hasa zile zinazobadilishwa kwa umeme, jiandae kuagiza, kusubiri, na kukaa wiki mbili unawatazama wenzako wakiondoka. Beringi za krenki, ile mikono inayoshika pedali, nazo tafuta fremu ambayo zinafungwa kwa uzi wa skrubu. Zile zinazosindikwa kwa nguvu ndani ya fremu zinataka mashine maalumu kuzitoa na kuzirudisha, la sivyo baiskeli italia kwii, kwii hadi Bagamoyo na kurudi.

Breki za diski zinazovutwa kwa waya fundi yeyote atazimudu. Za mafuta ni tamu, sikatai, hasa mvua ikinyesha, lakini zina mtego mmoja. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM zinatumia mafuta ya DOT, yale ya jamii ya breki za magari. Ukimpelekea fundi wa pikipiki breki ya Shimano akaijaza DOT aliyonayo kwenye chupa, mipira ya ndani itavimba na breki itakufa. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu, karibu na breki, aina ya mafuta inayotakiwa. Haipendezi machoni, lakini breki mpya ni ghali.

Kwa wale mtakaonunua mtumba, na naona ndio wengi, nataka tukae kidogo kwenye tairi, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea kimyakimya. Chukua tairi la Phoenix: limeandikwa 28. Chukua tairi la baiskeli ya mbio: nalo limeandikwa 28. Haya mawili hayaingiliani kabisa. Ile 28 ya kwanza ni inchi, kipimo cha zamani cha ukubwa wa gurudumu. Ya pili ni upana wa tairi kwa milimita. Mchezo ni huohuo kwenye 26. Baiskeli ya milimani ina tairi la 26, na zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele, zinazoshushwa kwenye makontena, nyingi nazo zinaandikwa 26, na ukilipachika la huku kule halikai hata ulisukume kwa magoti.

Dawa yake imeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe kwa herufi ndogo ambazo watu hawazisomi. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana. Ya pili, ile ya tarakimu tatu, ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, kwa milimita, na hiyo haidanganyi. Phoenix ni 635. Baiskeli ya mbio ni 622. Ya milimani ya kizamani ni 559, na ile ya Kijapani yenye kikapu mara nyingi ni 590. Zile zinazoitwa 29, zinazotisha kwa ukubwa, ukisoma utakuta ni 622 vilevile, rimu ya kipenyo kilekile cha baiskeli ya mbio. Mimi ningekushauri uchukue 622, kwa sababu inakupa matairi kuanzia membamba ya lami hadi mapana ya vumbi, na ukikosa duka moja utapata la pili. Piga picha hiyo namba, iweke kwenye simu. Ukimtuma kijana Kariakoo, mtumie picha. Usimwambie "tairi la ishirini na nane."

Kuna na valvu. Baiskeli nyingi za mbio zina valvu nyembamba yenye kichwa kidogo unachokifungua kwa vidole kwanza. Pampu ya kituo cha mafuta haiikamati, na ya mafundi wengi vilevile. Kuna kikofia cha shaba unachokizungushia juu yake, kikageuka kuwa valvu kama ya gari. Ni kidogo kuliko ncha ya kidole chako na bei yake haifiki ya soda nyingi. Kifunge kwenye valvu yako leo na usikitoe, maana ukikiweka mfukoni kitapotea.

Nirudi kwenye mtumba wenyewe. Ukifika pale palipoegemezwa baiskeli arobaini ukutani na muuzaji anakuimbia kwamba hii imetoka Ujerumani juzi, usianze na rangi. Shika krenki uisukume kushoto na kulia, isicheze. Inua gurudumu ulizungushe, halafu weka ukucha karibu na rimu utazame kama nafasi inapanuka na kufinyika. Kaza breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, usikie kama shingo inagonga. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: legeza ile boliti ya bomba la kiti ujaribu kulipandisha. Likigoma, acha baiskeli hapo. Bomba la aluminiamu lililokaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi linashikana nayo kama limechomelewa, na kulitoa kunaweza kugharimu fremu nzima. Hata kama urefu wake unakutosha leo, sijui kama litamtosha yule utakayemuuzia.

Fremu ya kaboni ya mtumba, mimi sinunui na sikushauri. Chuma kikipinda unakiona, na aluminiamu mara nyingi inaonyesha ufa. Kaboni inaweza kuwa imeumia ndani, juu rangi inang'aa. Kofia ngumu ya mtumba ndiyo usiiguse kabisa. Ile povu ya ndani imetengenezwa ifinyike mara moja tu, siku ya ajali, na huwezi kujua siku hiyo ilishapita huko ilikotoka au la. Nguo, ndiyo: nenda Karume alfajiri, utapata jezi nzuri zenye mifuko mitatu mgongoni kwa bei ya sahani ya pilau. Kaptula nunua mpya. Sababu mnaijua.

Na dai risiti. Risiti ya EFD kama ni duka, na kama ni mtumba wa uani basi karatasi yenye jina, simu na namba ya fremu, ile iliyogongwa chini ya krenki. Namba hiyo ipigie picha. Siku baiskeli ikiibwa, polisi watakuuliza alama yake, na "nyekundu yenye stika" si alama.

Wapo watakaoagiza mtandaoni kwa sababu bei ya nje inaonekana ndogo. Hesabu vizuri. Thamani inayotozwa ushuru inajumlisha bei, usafirishaji na bima. Kisha VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya hiyo jumla pamoja na ushuru wenyewe. Maana yake hata nauli ya ndege ya lile boksi unailipia kodi. Kwa kitu chepesi kama cheni au kaseti, lile fungu la meno ya nyuma, inaweza kulipa. Kwa baiskeli nzima, kaa na kikokotoo kwanza, na ukumbuke kwamba ikifika na kasoro, kuirudisha ni safari nyingine.

Nije kwenye matunzo, na hapa mnisamehe nitakizungumzia kitu kimoja kuliko vingine vyote: cheni.

Cheni ndiyo inayoamua matumizi yako ya mwaka. Inapotumika, pini na vikombe vyake vya ndani vinalika, na cheni nzima inakuwa ndefu kidogo. Ikishakuwa ndefu haikai tena sawasawa kwenye meno, inaanza kuyachonga yafuate urefu wake. Ukiiacha, siku unayobadilisha cheni peke yake, mpya inarukaruka juu ya meno yaliyochongeka. Hapo fundi anakwambia ubadilishe kaseti, na wakati mwingine hata meno ya mbele. Kwa hiyo aliyechelewesha cheni moja ananunua vitu vitatu.

Kupima ni bure. Chukua rula ya chuma yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, cheni ikiwa imenyooka, halafu tazama inchi 12. Cheni mpya itakuwa na pini iliyokaa juu ya 12 kamili. Pini ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni, kaseti bado ni nzima. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, uwezekano ni mkubwa kwamba kaseti nayo imekwenda. Cheni huishi kati ya kilomita 2,000 na 5,000 hivi, ikitegemea vumbi, mvua na mkono wa mwenyewe. Anayepiga kilomita 150 kwa wiki anakaribia 8,000 kwa mwaka, yaani cheni mbili hadi nne. Ukizitunza ni mbili. Hilo ni kasma ya bajeti, liandike.

Mafuta ya kuipaka: tafadhali, si oili chafu ya gari. Najua mafundi wengi wanaipenda kwa sababu ni ya bure, lakini ni nzito, inashika mchanga, na mchanga ndani ya mafuta ni msasa. Mafuta ya cherehani ni masafi ila hayadumu, utayapaka kila safari. Safisha cheni kwa mafuta ya taa, iache ikauke, tia tone moja moja kwenye kila kiungo, subiri, halafu futa nje kwa kitambaa mpaka uone kama umekosea ukayafuta yote. Yanayofanya kazi yako ndani. Wapo wenzetu wanaoyeyusha nta na kuichovya cheni. Kiangazi ni safi ajabu, unaishika cheni na shati jeupe. Masika, maji yakiingia usipoirudia siku hiyohiyo, asubuhi imeshika kutu.

Na kutu kwetu si mchezo. Anayeendesha Dodoma hapambani na hili. Sisi tunapita Coco Beach na daraja la Tanzanite, hewa yenyewe ina chumvi, na juu yake jasho letu linadondoka kwenye boliti za usukani. Boliti kila moja ipakwe grisi kabla ya kukazwa. Bomba la kiti litolewe kila baada ya miezi michache, lifutwe, lipakwe grisi, lirudishwe. Ukirudi kutoka safari, ndoo ndogo ya maji baridi na kitambaa vinatosha. Kuosha kwa mashine ya presha kwenye kituo cha kuoshea magari kunasukuma maji ndani ya beringi, na kijana anayeosha hana kosa, anaosha kama alivyoambiwa.

Yote haya yanafundishika. Mnamjua Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne, mzaliwa wa Nairobi. Alianzia kwa David Kinjah kule Kikuyu, nyumbani kwa mtu ambaye vijana wake hushika spana kabla ya kushika mwendo. Nataka kila mwanachama mpya wa hapa aweze kuziba pancha, kuunga cheni na kurekebisha breki. Si lazima uache kwenda kwa fundi. Ukijua kazi yenyewe ndiyo utajua bei yake, na utajua fundi mzuri wa kumshikilia na kumlipa anachostahili bila kumkandamiza.

Sasa uzito, ugonjwa wa wanaume wenye kitambi. Chama cha baiskeli cha dunia kimeweka kikomo kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, na watu wanalipa mamilioni kukikaribia. Fanyeni hesabu. Wewe, baiskeli na maji ni kilo 85. Unatoka Mombo kupanda Lushoto, tuseme saa moja na nusu ya kupanda. Ukipunguza kilo moja kwenye baiskeli, unaokoa kama dakika moja. Kwenye Barabara ya Bagamoyo, palipo tambarare, anayekuzuia ni upepo, kilo moja hutaiona kabisa. Kwa gharama ya ile kilo moja ungenunua matairi mazuri ya miaka kadhaa, na tairi zuri linahisiwa siku ya kwanza. Kilo yenyewe wengine tunayo kiunoni, tena kuitoa huko ni bure.

Chakula, kwa ufupi. Vile vipakiti vya jeli kutoka nje vina sukari, chumvi na bei. Kwenye safari ndefu mwili unataka takribani gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya kawaida ina kama 25. Tende tano sita ni sawa na ndizi. Kwenye chupa, lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kipimo kilekile mlichofundishwa kliniki kwa mtoto anayeharisha, na ukikamulia ndimu hutakumbuka kliniki. Kama safari ni kali ongeza sukari. Kwa joto la Dar chumvi usiiache. Ukifika Mapinga ukakuta juisi ya miwa, kunywa, hiyo nayo ni sukari halali.

Sasa jambo lisilopendeza. Ukigongwa.

Soma bima yako ya afya leo, si siku ya ajali, na anza na ukurasa wa mambo yasiyogharamiwa. Baadhi ya bima binafsi zinatoa nje michezo wanayoiita ya hatari, na mashindano yanaweza kuhesabiwa humo hata kama safari ya kawaida haihesabiwi. Uliza, upate jibu la maandishi. Ukigongwa na gari, ukiweza kusimama au kama yupo mwenzako aliye mzima, chukua namba ya gari na picha kabla halijasogezwa. Bima ndogo ambayo kila gari linatakiwa kuwa nayo kazi yake ni watu wa nje ya gari, na mtu wa nje ni wewe. Watu wanaijua kama karatasi ya kumwonyesha trafiki, wanasahau kwamba mle ndani kuna fidia ya aliyegongwa. Namba ya gari inatosha kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kama bima ipo hai. PF3 ya polisi utaihitaji hospitalini na utaihitaji kwenye madai, kwa hiyo itengenezewe nakala. Risiti za matibabu, za dawa, na makadirio ya fundi kuhusu baiskeli viwekwe bahasha moja. Na msikubali ile ya "tumalizane hapahapa, bosi" wakati bado hujajua kama mfupa ni mzima. Elfu hamsini ya barabarani inanunua kimya chako, picha ya eksirei hainunui.

Mikopo. Nimesikia, na sitamtaja mtu, kuna waliochukua mkopo wa simu kununua magurudumu. Kausha damu kwa ajili ya rimu! Baiskeli ya kujifurahisha haizalishi kitu cha kulipia riba. Kama unataka kitu kikubwa, kiwekee fungu kwenye kikoba chako kama unavyofanya kwa sikukuu, ukinunue kikiwa kimetimia. Isipokuwa kama utaiendesha pia kwenda kazini: hapo nauli unayoiokoa ni pesa halisi, iandike kwenye daftari na uitumie kununulia cheni.

Na nyumbani wajue bei. Najua humu ndani kuna baiskeli ambazo nyumbani zina bei moja na hapa kijiweni zina bei nyingine. Nacheka, lakini mimi ni mhasibu. Vitabu viwili vina siku yake ya kukutana, na mara nyingi ni siku mwenzako anamuuzia jirani hiyo baiskeli kwa bei uliyomtajia. Wekeni kasma ya baiskeli kwenye bajeti ya familia, hadharani, kiasi kinachojulikana kwa mwezi. Kisichotumika mwezi huu kinasubiri tairi la mwezi ujao. Halafu hesabuni na muda: Jumamosi tunayoondoka saa kumi na moja alfajiri tukarudi saa tano ina mtu mwingine anayewaamsha watoto na kuwapa uji. Huyo naye anachangia mchezo huu, na mchango wake haumo kwenye risiti yoyote.

Nina pendekezo moja, mwenyekiti, halafu nikae. Kuna vifaa ambavyo mtu mmoja anavihitaji mara chache kwa mwaka: stendi ya kunyooshea rimu, kifaa cha kufungulia kaseti, cha kukatia cheni, cha kutolea krenki, spana ya kupima nguvu ya kukaza boliti. Kila mmoja akinunua vyake tunajaza makabati. Tukichanga elfu kumi kila mwezi tutakuwa navyo vyote kabla mwaka haujaisha, na itakayobaki inunue cheni na tyubu za 622 kwa jumla, tuuziane kwa bei ya kununulia. Lipo swali la nani avitunze. Maoni yangu ni kwamba visikae kwa mwanachama, vikae kwa fundi wetu wa Mwenge, alipwe kidogo kwa kuvitunza, na avitumie pia kwa wateja wake wengine. Wapo wasiokubaliana nami kwa hilo la mwisho, na wana haki ya kulisemea. Lakini kifaa kinachofanya kazi kila siku hakipati kutu, na fundi mwenye vifaa ni faida yetu sote.

Daftari la michango liko kwa mhazini, pale karibu na sinia la mihogo. Rula ya inchi iko kwa katibu. Pimeni cheni kabla hamjaondoka, maana boksi la cheni za gia nane na tisa limefika jana na hazitoshi watu wote.